Koloni ya Delhi, Mteremko wa Butembo

Niliondoka Beni asubuhi, nguo zikiwa bado zinadondosha maji kwenye kamba. Kartie yetu, mtaa wetu, ilikuwa pembeni kabisa mwa mji, pale nyumba zinapoisha na mashamba ya kakao yanapoanza, na miezi ile watu walikuwa wanaingia shambani hawatoki, waasi wamewangoja humo. Nilikuwa mjane. Watoto wangu walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa mbali, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza kama wakati umefika. Jirani alipita anakimbia, godoro kichwani. Nikafunga mlango, nikamfuata. Nilifika Butembo kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa, na babushi za nyumbani miguuni.

Yaya aliishi kwenye avenyu ya juu ya kilima kimoja, mahali nyumba ni za matofali na kila parseli, kila kiwanja, ina ua wa maua mbele. Chini yetu kulikuwa na mteremko wa eukalipti, na chini ya mteremko chemchemi ambamo kilima chote kilichota maji. Watu wa pale walikuwa wametulia. Walijua nani alikata mti wa kwanza, nani alijenga kwanza, mtoto wa nani alimwoa wa nani. Juma langu la kwanza, shefu wa avenyu alikuja, mzee mwenye koti la kaki na sauti ya pole. Akakaa barzani, akamuuliza Yaya kana kwamba mimi sipo.

"Huyu mugeni atakaa mpaka wakati gani?"

"Hapana mugeni. Ni mudogo yangu, tumbo moja."

"Najua, mama. Mais kwa bureau banaulizaka: ni mutu wa hapa ao mutu wa kupita? Mie niseme nini?"

"Wa kupita," nilijibu mimi mwenyewe.

Akaridhika kwamba ana la kusema ofisini, akanywa chai yake, akaenda. Kwetu mji unashuka kwa ngazi: meya, burugumestri wa komini, shefu wa kartie, shefu wa selile, shefu wa avenyu, na chini kabisa nyumba kumi. Kila ngazi inataka kujua nani amelala wapi. Wakati wa amani mtu hajali. Wakati wa vita swali lile ndilo linaloamua nani ni jirani na nani wa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Lakini mimi nilitaka kuwa wa kupita. Kama ningesema ni wa hapa, ingekuwa kama nimeiuza nyumba yangu ya Beni kwa mdomo.

Sikujua tena kukaa. Nilikuwa nauza vitenge sokoni, na nikitoka sokoni nilipanda avenyu hadi mwisho, nikashuka, nikapanda tena. Nilimsalimu kila mtu, nikajua mbwa wa kila nyumba. Yaya aliniambia, "Weye unatembea sawa kuku yenye kutafuta fasi ya kutaga." Nilicheka, nikachukua ndoo kwenda chemchemini ingawa pipa lilikuwa limejaa.

Halafu moyo wa Yaya ukaanza kumsumbua. Alikuwa anasimama katikati ya mpando wa kanisani, anashika kifua, anajifanya anatazama maua ya watu. Daktari alisema kuna mlango ndani ya moyo haufungi vizuri, na kwamba kazi ya kuurekebisha hapa kwetu haifanyiki, lazima aende India. Jamaa walikutana, kila mmoja akatoa alichoweza. Lilipokuja swali la nani amsindikize, wote walinigeukia. Nilikuwa na Kiingereza cha sokoni, nilichookota Kampala nikinunua vitenge. Na zaidi ya hayo, miguu yangu ilikuwa tayari njiani.

Delhi tulipanga chumba cha juu kabisa katika nyumba ya ghorofa, karibu na hospitali. Mtaa wenyewe wanauita koloni. Neno lile lilinishtua, maana kwetu koloni ni Mbelgiji na fimbo yake. Kumbe kwao ni makazi tu: nyumba zimebanana kuzunguka bustani ndogo, lango la chuma kila upande, mlinzi mwenye filimbi. Koloni ilikuwa na komiti yake, na komiti ilikuwa na rais na sekretari, mzee aliyetoka jeshini, masharubu yamechanwa. Komiti iliamua lango gani lifungwe jioni, maji yapandishwe kwenye matangi saa gani, magari ya wageni yasimame wapi, mbwa walishwe wapi. Serikali ya mji ilikuwepo, lakini sikuiona. Nilimwona sekretari. Kila asubuhi alizunguka bustani mikono nyuma, akikagua.

Nami nilizunguka bustani ileile, kwa sababu Yaya alikuwa analala mchana na ukuta wa chumba ulikuwa unanisogelea. Tulikuwa tunapishana. Yeye anatazama viatu vyangu, mimi natazama masharubu yake.

Mwenye nyumba yetu alikuwa bibi mdogo wa mwili, mwenye shali ya sufu na sauti kubwa. Koloni nzima ilimwita aunti. Mimi moyoni nilimwita mukaka, bibi kwa Kinande, na siku moja lilinitoka mdomoni. Akauliza maana yake. Nilipomwambia alisema basi, na mimi nitakuita beti, binti. Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu mweupe hadi karibu na saa sita, na jua likitoka wanawake wote walikuwa wanapanda juu ya paa kuota joto. Yeye alipanda na sinia la njegere za kumenya. Mikono yangu inajua kazi ile. Nilikaa nikamenya naye, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kwangu kukaa.

"Unatoka wapi?" aliniuliza.

"Kongo."

"Najua Kongo. Nakuuliza nyumbani."

Nikamwambia Beni. Nikamwambia kakao, na godoro la jirani. Alimenya bila kunitazama, kisha akasema, "Sisi tulitoka Lahore."

Alikuwa mtoto mdogo nchi yao ilipokatwa vipande viwili, na mji wao ukabaki upande wa pili. Walikimbia kwa treni, mama yake amemfunika uso kwa kitambaa asione nje. Walipofika Delhi waliwekwa kwenye mahema, baadaye kwenye mabanda ya jeshi, baadaye serikali ikagawa viwanja vidogo vidogo, na hiyo ndiyo koloni. Bustani ile tuliyoizunguka mimi na sekretari ilikuwa mahema matupu. Palikuwa na bomba moja. Wenyeji wa kijiji cha karibu waliwaita wakimbizi hata shuleni, wakasema wanachafua maji. Baba yake alikataa kabisa kumwaga simenti ndani ya nyumba. Alisema simenti ni ya watu wanaobaki. Mama yake alipangusa vumbi miaka na miaka, mpaka siku moja aliita fundi wakati mume yuko kazini.

"Na baba akasemaje?"

"Alikaa nje mpaka ikakauka," alisema. "Halafu akaingia, akavua viatu."

Tuliishi vizuri mpaka siku ya samaki. Yaya alikuwa hali chakula cha hospitali, amebaki mifupa, na kila siku ananiomba makayabo. Wanawake wa Kongo wanaouza vitu vya kwetu upande mwingine wa mji walinipatia samaki wa chumvi, wakaja pia kumwona Yaya. Nikapika. Harufu ilishuka ngazi ghorofa kwa ghorofa. Kabla sijaepua, sekretari alikuwa mlangoni na mtu mwingine wa komiti. Walisema majirani wamelalamika. Siyo samaki tu. Wageni wetu wanakaa kwenye ngazi, wanaongea kwa sauti, na hii ni koloni ya familia. Wakasema tutafute mahali pengine kabla ya mwezi kwisha.

Yaya alikuwa anangojea siku ya kupasuliwa. Nilianza kufunga virago hapohapo. Nilikuwa nakunja nguo kwa haraka, karibu kwa furaha, kwa maana kufukuzwa nilikuwa nakujua, na mikono haikuhitaji kufundishwa. Yaya alinitazama kutoka kitandani.

"Unaenda wapi?"

"Sijui. Tunaenda."

"Weka ile nguo chini," alisema. "Mie sina moyo ya kukimbia. Ile yenye niko nayo iko inavuja."

Mukaka alisikia habari jioni ile. Jumapili komiti ilipokutana bustanini, kwenye viti vya plastiki juani, alinishika mkono akanipeleka hadi katikati. Sikuelewa yote, maana aliongea lugha yao, lakini baadaye alinieleza. Alimwendea mmoja baada ya mwingine akiwaita kwa majina ya utoto wao. Wewe, baba yako hema lake lilikuwa pale penye bembea. Wewe, mama yako alipigana na mama yangu kwenye bomba, nilikuwepo, nilishika ndoo. Nani siku zile alituita sisi watu wa familia? Sekretari alisimama wima kama yuko gwaride, masikio mekundu. Mtu mmoja alicheka. Mwanamke mmoja hakucheka, alisema kitu kikali, na wengi wakatikisa kichwa kumkubali.

Mwisho waliamua hivi: tukae mpaka mgonjwa apone, wageni wasikae kwenye ngazi, na samaki asipikwe tena. Niliona tumeshinda, nikamkumbatia mukaka. Alinisukuma kidogo.

"Samaki yule," alisema, "hata mimi alinitoa machozi. Usirudie."

Yaya alipasuliwa, akapona polepole. Siku ya kuondoka mukaka hakushuka ngazi. Alisimama juu ya paa na shali yake, akapunga mkono kama mtu anayefukuza ndege.

Tulirudi kwa ndege hadi Entebbe, kisha kwa barabara hadi mpakani Kasindi, kisha kwa msafara wa magari unaosindikizwa na wanajeshi mpaka Beni. Gari lilipumzika Beni. Yaya akabaki kwenye kiti, mimi nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda kuona kartie yangu. Nyumba ilikuwa imesimama. Kwenye kamba yangu kulikuwa na nguo za mtu mwingine. Mwanamke kijana alitoka, mtoto mgongoni, akanisalimu vizuri, akaniambia wao ni watu wa Oicha, nao wamekimbia, nyumba waliikuta haina mtu, na shefu aliwaonyesha. Aliniuliza kama natafuta mtu. Nilimwambia hapana, nimepotea njia. Sikumchukia. Lakini nilipopanda moto nilisahau kumwambia motari, dereva wake, twende wapi, naye aliniuliza mara mbili kama niko mgonjwa.

Butembo tulikuta mteremko umebadilika. Vita ilikuwa imepanda toka kusini, toka Kanyabayonga na Kayna, na watu walikuwa wanafika kwa malori, kwa moto, kwa miguu, mbuzi mkononi. Wengi walipokelewa katika nyumba za watu. Wengine walijenga vibanda vya mbao na vya maturubai chini ya eukalipti zetu, mpaka karibu na chemchemi. Mwenye nyumba ya ghorofa, jirani yetu mfanyabiashara wa misumari na mabati, alikuwa amefunga njia ya chemchemi kwa waya wa miiba pale inapopita kando ya ukuta wake. Watu wa chini sasa walizunguka kwenye matope.

Shefu aliita mkutano uani kwake. Jirani wa ghorofa alisema wasiwasi wake, na haukuwa wa kijinga: hatuwajui, vyoo vyao viko juu ya maji, moto ukiwaka kwenye mbao zile utapanda mpaka kwetu. Waondolewe.

Nikasimama. Nilikuwa nimeibeba Delhi yote kifuani, nikaimwaga. Mahema, bomba, bustani. Walinisikiliza vizuri, kisha mmoja akasema, "Mama ametuletea hadisi ya Bahindi," wakacheka. Sikukoma. Nikamgeukia jirani wa ghorofa kama mukaka alivyofanya, nikamuuliza baba yake alikuwa wapi kabla ya kujenga hapa.

"Vuhovi," alijibu mara moja. "Aliuzisha kahawa, akauza hii parseli kwa pesa yake. Hakulalaka chini ya hema. Unataka kusema nini?"

Nikaketi. Kwetu "kuuza" ni kununua na "kuuzisha" ndiyo kuuza, na yeye alisema lile neno kwa kujivuna kabisa. Watu walicheka tena, safari hii kwa nguvu. Shefu alichoka na kelele.

"Mama, juu weye unabapenda, enda ukuwe shefu yabo. Nitasema kwa bureau."

"Shefu lazima akuwe mutu wa hapa," nilisema haraka.

"Eh bien, ukuwe wa hapa."

Alisema kwa mzaha, lakini shefu wa kartie alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia mambo ya ule mteremko, akakubali. Basi nikashuka.

Walionipokea hawakufurahi. Walikuwa wanamtazama mwanamke wa juu mwenye viatu vizuri anayeuliza maswali. Aliyekuwa anaongea kwa niaba yao alikuwa mama mmoja wa Kayna, mpana, mwenye vitunguu karibu na mlango wake vilivyopandwa ndani ya madumu yaliyokatwa. Nilimwambia kartie inataka ule mteremko uwe avenyu, uwe na jina, uwe na nyumba kumi zake, hapo watapata haki ya njia na ya maji.

"Hatutaki jina," alisema.

"Juu ya nini, mama?"

"Juu fasi yenye iko na jina, mutu anabakiaka. Sisi hapana avenyu. Sisi tuko tunarudia kwetu. Ona vitunguu yangu, niliipanda ndani ya dumu, siku ya kwenda ninabeba."

Nilikaa kwenye gogo lake. Nikamsimulia habari za baba wa Lahore aliyekataa simenti. Nilidhani itamfariji kujua kuna mwingine. Alisikiliza, mikono imesimama juu ya maharagwe aliyokuwa anachambua.

"Na balirudia?"

Ningeweza kudanganya. "Hapana," nilisema.

Aliinuka, akaingia ndani, akafunga turubai. Nikasikia sauti yake humo: "Na unakuya kuniambia ile juu ya nini?"

Majuma mengi sikwenda kwake. Nilizunguka tu, juu na chini, nikiona vyoo vinasogezwa mbali na maji kwa sababu nilipiga kelele, nikiona waya wa miiba uko palepale. Mvua za Oktoba zilianza. Mchana mmoja, mvua imeshuka kama mawe, nikasikia honi ya moto ng'ambo ya bonde, inalia, inanyamaza, inalia tena mahali pengine. Halafu nikasikia watu wanaita kutoka chini. Mke wa mtoto wa mama wa Kayna alikuwa na uchungu wa kuzaa. Walikuwa wamempigia simu motari ampeleke maternité, na alipouliza avenyu gani walimwambia chini ya eukalipti.

Nilishuka nikiteleza, kitenge kimejaa matope. Nikawakuta wanampandisha kwa mikono, lakini njia fupi ilikuwa imefungwa, na kwenye njia ya kuzunguka hakuna aliyeweza kusimama. Yule binti alikaa chini pale pale. Nilipoinua kichwa nilimwona Yaya. Yaya, ambaye madaktari walimkataza kubeba hata ndoo, alikuwa anashuka na turubai la jikoni kwetu mabegani, anapumua kwa mdomo.

"Yaya, rudia juu!"

"Shika ile pembe," alisema.

Tulishika pembe nne, wanawake wanne, mvua inapiga juu yetu kama ngoma, na chini ya turubai mama wa Kayna akampokea mjukuu wake. Mtoto alinyamaza kwanza. Nilimwona mama yule anampangusa uso, anampuliza, anamgeuza, na midomo yake inasema kitu ambacho sikukisikia. Kisha mtoto alilia, na sisi wote tukalia pia, na Yaya akacheka akishika kifua.

Motari alitokea baadaye, amelowa hadi kwenye soksi, amekasirika karibu kulia.

"Mulisema chini ya miti! Butembo yote iko chini ya miti!"

Jirani wa ghorofa alikuwa amesimama kwenye balkoni yake, ameona yote. Kesho yake waya ulikuwa umekatwa upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyejua ni nani aliyeukata, na yeye hakuuliza.

Mama wa Kayna alipanda mpaka nyumbani kwetu, mara ya kwanza. Alimletea Yaya vitunguu. Kisha akaniambia, kana kwamba tuliachana jana tu, "Leta ile mambo ya jina."

Haikuwa rahisi. Watu wa Kanyabayonga walitaka iitwe Kanyabayonga, kwa kuwa ndio wengi. Wa Kayna walisema hawatalala ndani ya Kanyabayonga. Walibishana mpaka wakaanza kukumbushana mambo ya soko la zamani huko kwao, nani alimharibia nani bei. Mama wa Kayna, amechoka, alimpa mkwewe mtoto, akasema, "Iitwe Tutarudia. Mutu asiulize tena."

Hakuna aliyepinga, maana nani angesema hatutarudia?

Burugumestri wetu wakati ule alikuwa ofisa wa polisi, mtu wa mbali, wa Kasai, kwa kuwa jimbo lilikuwa limewekwa chini ya askari. Alikuja kuuona mteremko na bereti yake, akiruka madimbwi. Jirani wa ghorofa alikuwepo, ameandaa maneno. Burugumestri alitazama uwazi kwenye waya, akasema njia ya maji ni ya watu wote, ipanuliwe, kisha akageukia mambo ya jina.

"Tutarudia? Kurudia wapi, mama?"

"Kwetu," alisema mama wa Kayna.

Alitabasamu kidogo, akavua bereti akapangusa mvua. "Na mie nitarudia siku moja," alisema. "Soki Nzambe alingi," akamalizia kwa Kilingala, yaani Mungu akipenda. Akakung'uta suruali magotini kuondoa udongo, akaenda.

Tangu hapo mteremko una jina, na mimi ni shefu wake, na sijapata usingizi mzuri. Kila jambo linanijia: mbuzi ameingia kwa mtu, mlevi amevunja mlango, wageni wapya wamefika na hakuna kibanda. Juu bado wanawaita wa mteremko watu wa chini, na chini wanawaita wa juu watu wa mabati. Salongo ikifika, kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi, wote wanachimba mfereji mmoja, na jirani wa ghorofa huja na jembe lake mwenyewe hasa ili aonyeshe kwamba tunachimba vibaya. Yaya anapanda mpando wa kanisani bila kusimama. Ananisubiri juu, sasa mimi ndiye ninayehema.

Juzi mama wa Kayna alinishika mkono sokoni. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekwenda kuangalia kwao, siku nyingi hapatikani kwa simu, na mtu alisema ameonekana Lubero anapanda lori. Akasema twende tukangoje. Tulisimama kando ya barabara kuu, vumbi linatuingia mdomoni, tukihesabu kwa macho kila lori linalotoka kusini. Yeye alisimama palepale. Mimi ndiye niliyekuwa natembea, hatua chache huku, hatua chache kule, mpaka akaniambia nimtie kizunguzungu mtu mwingine.

Kijana alishuka kwenye lori la viazi, mwembamba, mweupe kwa vumbi. Alisalimu mama yake kwa mikono miwili. Akasema nyumba iko. Akasema kuna watu ndani yake, watu gani hakujua, hawakumruhusu akaribie.

"Na maharagwe ya shamba?" mama aliuliza.

"Ilikomaa. Banaivuna."

Mama yake alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za mgonjwa. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu nguo nilizoziona kwenye kamba yangu Beni, lakini nilikumbuka siku ya gogo, nikafunga mdomo. Alichukua kifurushi cha mtoto wake, akakiweka kichwani kwake ingawa mtoto alikataa.

"Twende," alisema. "Mama shefu, weye pita mbele. Njia unaijua."

Nikapita mbele. Nilijaribu kwenda polepole.